Nungunungu Msusi na Mji Nilioutoa

Nimekaa chini kwenye mkeka, kichwa changu kiko katikati ya magoti ya binti yangu Tumpale, na usingizi unanichukua. Sikupanga kulala. Ni Jumamosi, saa tisa alasiri, mvua ya Tukuyu inapiga bati tangu asubuhi na haina dalili ya kuchoka, na kesho tunamuaga mdogo wangu Bupe anayeolewa, nami dada mtu nitakaa mbele, kila mtu anitazame kichwa. Tumpale ana miaka kumi na mmoja. Mkono wake wa kushoto una vidole viwili, gumba na kinachofuata, alizaliwa hivyo na hatujawahi kumficha. Mwaka mzima ameniomba anisuke, na mwaka mzima nimempa jibu moja: usukaji ni kazi ya vidole kumi, wewe unavyo saba, na shuleni unafanya vizuri, shika hilo. Mimi si mama wa kubembeleza. Nina stashahada ya kilimo, huu ni mwaka wa kumi na nne niko mashambani, na mkulima akinionyesha mbegu mbovu namwambia hii mbegu mbovu, sasa mtoto wangu mwenyewe nimdanganye kwa faida ya nani. Ila leo mvua imenifungia ndani, naye kaniwekea kitana mkononi, nikamwambia sawa, weka hiyo katuni yako kwenye kompyuta mpakato, mwisho wake ndio mwisho wako, ikiisha nikaona hovyo nafumua yote na mvua hiyo hiyo inanipeleka saluni. Inachukua dakika tisa, mama, anasema. Basi una dakika tisa, nasema.

Katuni yenyewe ni ya zamani, ya enzi ambazo picha zilichorwa kwa mkono moja baada ya nyingine, nyeusi na nyeupe, haina maneno, ina kinanda tu kinachokimbia kama kinafukuzwa. Ndani yake kuna nungunungu anatembea njiani na kitana mdomoni, anatafuta kichwa cha kusuka. Nungunungu gani anasuka, nasema, hao nawajua mimi, wanamaliza viazi. Tazama tu, mama, anasema Tumpale, na kitana kinapita, na mafuta ya nazi yanateremka nyuma ya sikio, na nywele zinavutwa, zinaachiwa, zinavutwa, na shingo yangu inakubali kabla sijakubali mimi, na kioo cha kompyuta kinakuja karibu, kinakuja karibu zaidi, mpaka naona ukingo wake uko usawa wa goti langu kama mfereji wa barabarani, nami nainua mguu, navuka.

Upande wa pili hakuna rangi. Mikono yangu ni ya kijivu, khanga yangu ya kijivu, na mvua imekuwa mistari mifupi ya kalamu inayosimama hewani bila kulowesha kitu. Mbele yangu kuna barabara. Natembea. Kuna nyumba, kuna mgomba, kuna kisima, kuna mbwa anajikuna sikio, kisha kuna nyumba, mgomba, kisima, mbwa anajikuna sikio, na mara ya tatu nagundua kwamba ni mbwa yule yule na sikio lile lile, na kwamba aliyechora mahali hapa alichoka mapema akaamua vitu vinne vinatosha. Pembeni, mashamba yamepigwa matuta yaliyonyooka, membamba, yameshikana na ardhi kama mistari kwenye kichwa cha msichana wa shule, na nawaza, kwa mazoea ya kazi, kwamba matuta haya yamefuata mteremko, yalipaswa kuukata, udongo wote utaondoka. Kando ya kisima, mara ya nne ninapokipita, amesimama mtu. Ana koti, ana viatu, hana uso. Pale panapokaa uso ni laini kama yai lililomenywa, na alama hafifu za penseli zinaonyesha macho yangekuwa wapi. Kitendawili, anasema, na sijui sauti inatokea wapi. Sina nafasi ya vitendawili, nasema, natafuta njia ya kurudi. Kitendawili, anasema tena, kwa upole wa mtu wa ofisini asiyeondoka kwenye kiti chake. Haya, tega, nasema. Anasema, ana mikuki elfu na hajaua mtu, analima shamba jeusi na jembe hana.

Jibu nalijua. Nimetoka kulitazama kwenye kioo, liko mdomoni kabisa. Lakini mdomo hautaki, kwa sababu nimewafundisha wakulima wa kata tatu jinsi ya kuzungushia shamba uzio na kuchimba mitaro ya kuzuia mnyama yule, najua meno yake, najua miguu yake, na siwezi kusimama mbele ya mtu, hata asiye na uso, nikatamka kwamba kinyama kile kinasuka. Hakuna kitu kama hicho, nasema. Umeshindwa, anasema. Sijashindwa, nasema kitu hicho hakipo. Umeshindwa, nipe mji. Utotoni tulipokuwa tunategana vitendawili, aliyeshindwa alitoa mji wa mbali ili asipoteze chochote, tukagawa Bombay, tukagawa Roma, tukagawa Dar es Salaam mara mia. Mimi nina haraka, na mji ulio karibu na ulimi ni ule ninaokaa. Chukua Tukuyu, nasema, nipishe.

Hapo hapo mgomba unapinda, nyumba inajikunja, na Tukuyu inasimama mbele yangu, yote, ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Mlima Rungwe uko upande usio wake. Kibao cha duka la pembejeo kimeandikwa kuanzia mwisho kwenda mwanzo, watu wanapeana mkono wa kushoto, na nyumba yangu ina mlango mahali pa dirisha na dirisha mahali pa mlango. Yule asiye na uso anasema, kama wanavyosema wategaji wote wakishapewa mji, nimefika Tukuyu, nimepokewa vizuri, nimekula, nimelala. Namwambia, sasa toa jibu, ndiyo desturi, mji umeupata. Huku jibu halisemwi, anasema, huku jibu linakaliwa. Sielewi, na sijaribu, kwa sababu nimeshafika dirishani kwangu na ndani namwona Tumpale ameketi kwenye kochi, mikono yake inasuka hewa. Nagonga kioo. Tumpale, nasema, fungua. Anainua kichwa, na jicho lake moja lipo, lingine limebaki doa la kifutio. Nageuka kwa yule mtu. Unamfanya nini mtoto wangu? Mimi sifanyi kitu, anasema, mji si wako tena, na vitu visivyo na mwenyewe huku vinafutika, katuni ikiisha hujakaa kwenye jibu, utabaki nje na yeye atakuwa kama mimi. Namuuliza zimebaki dakika ngapi. Sita, anasema. Namuuliza nungunungu yuko wapi. Mbele, anasema, kila kitu huku kiko mbele.

Nakimbia. Nyumba, mgomba, kisima, mbwa. Nyumba, mgomba, kisima, mbwa. Nakimbia mpaka kifua kinauma na mbwa bado anajikuna, na ndipo akili ya kazi inarudi, inaniambia wewe mwanamke, tazama kabla ya kulima. Natazama. Miguu yangu haiendi popote, picha ndiyo inayoteleza nyuma yangu, imefungwa mahali fulani kama mkanda wa mashine ya kukoboa. Basi nasimama, nakunja mikono, na barabara inaendelea yenyewe, inanipeleka kwa mwendo wake, inapita nyumba, inapita mgomba, na safari hii mbwa haji, unakuja uwanja uliojaa wanyama waliovaa kofia na magauni, na katikati ya uwanja kuna kigoda kitupu, na nyuma ya kigoda amesimama nungunungu, mfupi, mwenye macho mabovu, ananuka mizizi na udongo, kitana mdomoni.

Anakitoa kitana. Wewe ndiye bibi shamba, anasema. Ndimi, nasema. Uliyewafundisha watu mitaro. Ndimi, nasema, na ukirudi kwenye viazi nitawafundisha tena, lakini leo nataka unisuke, una dakika tano. Wanyama wanaangua kicheko. Fisi mwenye skafu ya maua anajifuta machozi, anasema, jamani bibi shamba amekuja kuvunwa. Kondoo anamwambia, mwache, nywele ni zake, na ngozi ya kichwa ni yake pia, tutaizika baadaye. Nungunungu hacheki. Ananiambia taratibu, mama, ujue kwanza, hapa kila siku ninaanza kichwa na sijawahi kumaliza hata kimoja, mwiba wa kwanza ukigusa mteja anaruka, wakicheka anakimbia, picha inakatika na mimi narudi njiani na kitana changu. Miaka mingapi? nauliza. Sijui, anasema, mimi nimechorwa asubuhi tu, jioni sijachorwa.

Namtazama miguu yake ya mbele. Vijiguu vifupi, vimejaa makucha ya kuchimbia, havina kidole cha kuita kidole. Na maneno yanatoka kabla sijayazuia, yale yale ya nyumbani: msusi anataka vidole kumi. Nungunungu anakuna pua. Kumi vya nini, mama? anasema. Nywele hushikwa tatu kwa tatu. Moja inavuka, nyingine inavuka, nyingine inavuka. Nipe pa kushikia tatu, hivyo vingine kaa navyo. Nasimama pale na stashahada yangu, nahesabu. Moja, mbili, tatu. Maisha yangu yote nimesuka na kusukwa, na sijawahi kukaa nikahesabu. Yuko sahihi. Sipendi mtu akiwa sahihi mbele yangu, lakini akiwa sahihi sibishani naye, hilo hata mume wangu analijua. Nakaa kwenye kigoda.

Mwiba wa kwanza unagusa kisogo na naruka kidogo, matako yanaacha kigoda, na kote uwanjani wanavuta pumzi ili wacheke, na juu, pembeni mwa anga, doa jeupe linaanza kuota kama ukungu kwenye jani la kiazi. Narudisha matako chini. Endelea, nasema. Anachomoa mwiba mmoja mgongoni mwake, anachonga njia kwa ncha yake, na njia inatoka imenyooka kuliko kitana chochote cha dukani, naisikia inavyopita toka utosini mpaka shingoni, baridi, nyembamba. Anashika nywele kwa ukucha mmoja huku, ukucha mmoja huku, na fungu la tatu analishika kwa meno, kichwa chake kinakwenda juu na chini kama mtu anayekubaliana na kila kitu. Fisi anasema, bibi shamba, kesho kwenye sherehe wakikuuliza nani kakusuka utasema mdudu gani? Nitawaambia jina lake, nasema, na wewe nani alikufunga hiyo skafu, maana inaonekana ulikuwa unapigana naye. Mbuzi anacheka, lakini safari hii anamcheka fisi. Doa jeupe limekula jua. Endelea, nasema. Mwiba unanichoma juu ya sikio, na wa pili, na machozi yananitoka, ya maumivu tu, sina mengine. Samahani, mama, anasema nungunungu, na meno yamejaa nywele. Usiombe samahani, suka, nasema. Zimebaki dakika mbili, anasema yule asiye na uso, ambaye amesimama sasa nyuma ya umati na saa isiyo na mishale. Doa limekula mgomba, limekula paa la nyumba, kinanda kinakimbia mpaka sauti zinagongana, na nungunungu anaanza kutetemeka, namsikia kupitia nywele zangu. Wananiangalia, ananong'ona, mama, hapa ndipo huwa inakatika. Wakikuangalia ndiyo vizuri, nasema, utawapataje wateja wasiokuona, endelea. Siwezi mstari wa mwisho, anasema, ni mwembamba mno. Niliwahi kumwambia mtu hawezi, nasema, na sikuwa nimemtazama mikono hata siku moja, nilikuwa nimeihesabu tu. Tatu kwa tatu, bwana. Moja inavuka. Na yeye anasema kwa meno yaliyobanwa, nyingine inavuka, na kondoo, sijui kwa nini, anasema, nyingine inavuka, na mbuzi anadakia, na uwanja wote unashika, moja inavuka, nyingine inavuka, nyingine inavuka, kama wanawake wanaotwanga kwa zamu kwenye kinu kimoja, na kinanda kinaacha kukimbia, kinawafuata wao. Weupe umefika kwenye vidole vya miguu yangu. Vidole vyangu havipo. Sisimami. Nungunungu anafika mwisho wa mstari, anazungusha mara moja, mara mbili, anabana ncha kwa meno, anakata.

Kimeisha, anasema, kwa sauti ya mtu anayelitumia neno hilo kwa mara ya kwanza. Hakuna anayecheka. Nainuka kwenye kigoda, namwambia asiye na uso, ana mikuki elfu na hajaua mtu, analima shamba jeusi na jembe hana. Ni nungunungu. Anasuka. Nimekaa, nimesukwa, tazama mwenyewe kama una cha kutazamia. Anakuja, anainamisha lile yai lake juu ya kichwa changu, anazunguka polepole mstari kwa mstari, ishirini na mmoja, namsikia akihesabu, kisha anasema, sijawahi kupoteza mji. Zoea, namwambia. Na Tukuyu inageuka. Inageuka kwa mlio wa shuka linalokung'utwa, Rungwe inahamia mahali pake, herufi za duka la pembejeo zinajipanga upya kutoka mwanzo kwenda mwisho, weupe unarudi kwenye kona za anga kama maziwa yanayorudi chunguni, na nyuma yangu kuna kelele, nageuka, kondoo ameshakaa kwenye kigoda, mbuzi anamsukuma, anasema nilikuja mimi kwanza, na fisi amevua skafu, ameishika mkononi, yuko wa tano kwenye foleni na anajifanya anapita tu. Nungunungu amesimama mbele yao wote, miiba imesimama, anang'aa, anauliza nani anafuata, kwa ukali kidogo, kama wasusi wazuri wote. Naliona jua la kuchorwa linamwangukia mgongoni na kivuli chake kinakuwa kirefu, kirefu, na najua kwamba kwa mara ya kwanza amefika jioni. Nataka kumuaga kwa heshima, lakini mtu anavuta nywele zangu, na mtu anasema mama, mama, na ukingo uko gotini, na mguu umeshavuka.

Mama, anasema Tumpale, shingo yako itavunjika. Niko kwenye mkeka. Bati linanguruma. Kompyuta imesimama, kioo cheupe kitupu. Katuni imekatika, anasema, huwa inakatika hapo hapo, nungunungu akiwa katikati ya kichwa, haina mwisho. Ina mwisho, nasema. Ananitazama. Macho yote mawili yapo, nayahesabu. Dakika tisa zimepita zamani, anasema, nilitaka kukuamsha, lakini ulikuwa unasema endelea. Mara ngapi? Nyingi, anasema, kwa hiyo nikaendelea. Napeleka mkono kichwani. Naanzia utosini, nateremka na kidole mstari mmoja mpaka shingoni, narudi, nateremka mwingine, imenyooka, imebana, ncha zimefungwa, na juu ya sikio pananiuma pale pale. Fungu la tatu umelishika na nini? nauliza. Anaona haya kidogo. Na meno, anasema. Namwambia, nilikukatalia mwaka mzima, na nilikosea. Anasema, najua, mama, na anachukua kitana anakifuta nywele, kama mtu aliyemaliza kazi na ana nyingine.

Mlango unafunguliwa, anaingia Bupe, bibi harusi tunayemuaga kesho, amelowa, analalamika kwamba saluni wamemwambia arudi saa mbili usiku, umeme hakuna, na anakatika katikati ya neno. Dada, anasema, geuka. Nageuka. Geuka tena. Nani kakusuka hivyo? Namnyooshea kidole Tumpale, na Bupe anamwangalia, anauangalia mkono wake, ananiangalia mimi, anafungua kilemba chake polepole. Nje, mvua imekuwa mistari mifupi ya kijivu na sioni ikilowesha kitu. Koti la Bupe lilikuwa jekundu jana, leo silioni rangi, labda ni mwanga wa alasiri, labda ni giza la umeme. Ningeweza kwenda dirishani nikatazama mlima uko upande gani. Siendi. Namsogezea mdogo wangu kigoda, nambonyeza bega. Kaa, namwambia, na akikuchoma usiinuke.